Bila Miwani: Rekodi za Picha ya 3D Zikipimwa kwa Benchi la Nyuma

Siku Simba na Yanga wanapokutana, mabanda ya video ya Nyakanazi na Benaco hayana pa kuweka mguu. Watoto wanakaa chini mbele kabisa, karibu kuigusa runinga. Vijana wa bodaboda wamebanana kwenye mabenchi. Madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wamesimama nyuma, funguo mkononi, na pembeni kwenye nguzo yupo mtu aliyepinda shingo tangu kipenga cha kwanza. Runinga ni moja, na hakuna anayenyimwa goli kwa sababu ya mahali alipokaa.

Naanza na banda kwa sababu ndilo kipimo changu katika makala haya. Kwa zaidi ya miaka mia moja wahandisi wa Ulaya, Marekani, Urusi na Japani wamehangaika kutengeneza picha yenye kina, ile tunayoiita 3D, ambayo mtazamaji anaiona kwa macho matupu bila kuvaa miwani. Rekodi zimewekwa nyingi: ya kwanza, kubwa kuliko zote, iliyouzwa sana, ghali. Wanaoziandika huzipima kwa inchi na kwa pikseli. Mimi nimezipima kwa namna ambayo mtu wa Ngara au Biharamulo angezipima: watu wangapi wanaiona kwa wakati mmoja, na wamekaa wapi. Ukitumia kipimo hicho, orodha ya washindi inapinduka.

Ya zamani kuliko zote, na tayari tunayo

Wengi wanadhani 3D bila miwani ni kitu cha kesho. Kwenye nyumba zetu nyingi kimeshatundikwa ukutani. Ni zile picha za plastiki nene zinazouzwa kwenye magulio na minada: Yesu ambaye macho yake yanafumba na kufumbua, Kaaba iliyozungukwa na waumini, simba anayetoka porini. Wanafunzi wameshika rula za aina hiyo hiyo, ukiinamisha rula picha inageuka.

Ichukue picha moja uipitishe ukucha kwa upande, kutoka kushoto kwenda kulia. Utasikia mkwaruzo wa vituta vidogo vidogo. Sasa upitishe kutoka juu kwenda chini: ukucha unateleza kimya. Uso wa picha si bapa. Umefunikwa na mamia ya lenzi nyembamba ndefu, kila moja ikiwa na mgongo wa mviringo, zimepangwa wima. Chini yake karatasi imechapwa vipande vyembamba vya picha kadhaa vinavyopishana. Lenzi inapeleka vipande vya picha moja kwenye jicho la kushoto na vipande vya picha nyingine kwenye jicho la kulia, na ubongo unaziunganisha kuwa kitu kimoja chenye kina. Kama ukucha wako unakwaruza kutoka juu kwenda chini, basi lenzi zimelazwa, na picha hiyo haina kina. Inabadilika tu unapoiinamisha. Yesu anayefumba macho mara nyingi ni wa aina hiyo. Simba anayetoka porini ni wa aina ya kwanza.

Aliyefungua njia kwa picha iliyouzika ni Mmarekani Frederic Ives, mwaka 1901. Yeye hakutumia lenzi, alitumia pazia la mistari myeusi iliyosimama mbele kidogo ya picha. Ukipita kando ya uzio wa matete, unachokiona uani kupitia mwanya mmoja sicho unachokiona ukisogea hatua moja mbele. Pazia la Ives lilifanya kazi hiyo kwa macho mawili ya binadamu, ambayo yameachana kwa sentimita sita na nusu hivi: kupitia mwanya ule ule, jicho la kushoto linaona ukanda mmoja wa picha na jicho la kulia linaona ukanda wa jirani.

Miaka saba baadaye, Machi 1908, Gabriel Lippmann aliwaeleza wanasayansi wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa wazo kubwa zaidi: kufunika picha yote kwa lenzi ndogo za duara, ili kina kionekane ukisogea kushoto, kulia, juu na hata chini. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ingawa alipewa kwa kazi nyingine, ya picha za rangi. Skrini nyingi za kisasa zinazoitwa za 3D bila miwani zinatumia ama pazia la Ives ama ukoo wa lenzi za Lippmann. Fizikia yake ni ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kinachobadilika ni ufundi wa kuitengeneza.

Kadi za plastiki kama hizo za magulioni zilianza kusambaa kwa wingi miaka ya 1960. Mwaka 1964 jarida la Look la Marekani liliwapa wasomaji wake kadi moja ndani ya kurasa, ikiwa na picha ya sanamu ya Thomas Edison. Kwa kipimo cha banda, kadi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mmoja.

1941: mwaka wenye rekodi mbili

Huu ndio mwaka ninaoupa uzito kuliko yote, na nashangaa jinsi unavyotajwa kidogo.

Februari 1941, Moscow ilifungua ukumbi wa sinema wa 3D bila miwani. Mbunifu wake alikuwa Semyon Ivanov. Mbele ya skrini alitandaza pazia la nyaya nyembamba za shaba, karibu 30,000, zilizopangwa kwa hesabu kali ili kila kiti kipate mianya yake. Fikiria kazi ya mikono: waya mmoja ukilegea au ukisogea, safu nzima ya watazamaji inapoteza kina. Watu waliingia kwa tiketi, wakakaa kwenye viti vya ukumbi, wakatazama filamu yenye kina bila kuvaa kitu usoni. Ilikuwa na kasoro. Mtazamaji alilazimika kutafuta mahali sahihi pa kichwa chake kisha atulie. Akisogea kidogo tu, picha inavurugika mpaka ajirekebishe. Lakini ukumbi mzima ulihudumiwa na skrini moja. Miezi michache baadaye, Juni 1941, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Urusi. Baada ya vita Ivanov alirudi na skrini ya lenzi za kioo badala ya nyaya, na mwaka 1947 watu wa Moscow walitazama hadithi ya Robinson Crusoe kwa njia hiyo.

Mwaka ule ule, Desemba 1941, mjini London, John Logie Baird aliwaonyesha waandishi wa habari televisheni ya rangi yenye kina, ya mistari 500, tena bila miwani. Huyu ni yule Mskoti aliyekuwa ameonyesha televisheni inayofanya kazi tangu 1926. Vita ilikuwa imeshafunga matangazo ya televisheni ya Uingereza, na Baird alikuwa akiendelea na kazi kwa fedha zake nyumbani kwake. Picha yake ilisifiwa. Lakini mtazamaji alipaswa kukaa mahali pamoja tu mbele ya chombo, kichwa kikiwa pale pale. Alifariki mwaka 1946 na chombo chake hakikuwahi kwenda sokoni.

Hizo ni njia mbili, na zilifunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Moscow ilijenga kwa ajili ya ukumbi, London ilijenga kwa ajili ya mtu mmoja. Baird ana heshima yangu yote, alikuwa mgonjwa, hana mtaji, na mabomu yalikuwa yameshauharibu mji wake. Hata hivyo kwa kipimo changu rekodi kubwa ya 1941 ni ya nyaya za shaba za Ivanov. Teknolojia iliyofuata imefuata zaidi njia ya London, na matokeo yake tutayaona huko mbele.

Sisi tuko wapi kwenye orodha

Tanzania inashikilia rekodi mbili zinazovutana. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, inatajwa kuwa ya kwanza kurusha matangazo ya rangi kusini mwa Sahara. Kwa upande mwingine Tanzania Bara ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho Afrika kuwa na televisheni yoyote: ilianza 1994, kwa vituo vya watu binafsi kama ITV. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, Uganda tangu 1963. Hata Burundi, ambayo mtu wa Kabanga anaiona ng'ambo ya mpaka, ilitangulia kwa miaka kumi. Kisha tukageuka tena kuwa wa mbele: usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam, mapema kuliko majirani wengi. Ndipo king'amuzi kikawa kifaa cha lazima sebuleni.

Ngara yenyewe iliingia kwenye kumbukumbu za dunia kwa jambo la huzuni. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka namna ile. Kambi ya Benaco ilizaliwa kwa siku chache. Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, na matangazo yake yakawafikia wakimbizi na wenyeji kwa pamoja: habari za ndugu waliopotezana, afya, shule, usalama. Naliweka jambo hili kwenye makala ya runinga kwa makusudi. Mawasiliano ya eneo hili yamejengwa juu ya wengi kushiriki chombo kimoja, redio moja kwa hema zima, runinga moja kwa kijiji kizima. Teknolojia inayomtaka kila mtu awe na kioo chake inaanza kwa kutuacha nje.

Runinga ya kwanza kufika dukani

Oktoba 2010 Toshiba ya Japani ilitangaza runinga mbili za 3D bila miwani, na Desemba zikaingia madukani huko Japani. Ndogo ilikuwa ya inchi 12, kubwa ya inchi 20. Kubwa ilitangazwa kwa bei ya yen karibu 240,000. Zilikuwa runinga za kwanza za nyumbani za aina hiyo, na zinastahili kusimuliwa kwa hesabu, maana hesabu yake inaeleza kwa nini hadi leo hujaona runinga kama hiyo Biharamulo mjini.

Skrini ya inchi 20 ilikuwa na pikseli milioni 8.29, idadi ambayo mwaka 2010 ilikuwa kubwa ajabu kwa runinga. Lakini ilitoa mionekano tisa ya picha moja, kila mmoja ukielekezwa upande wake, ili mtu akisogea kidogo asipoteze kina. Gawanya 8.29 kwa tisa. Kila mwonekano unabaki na pikseli laki tisa na ushei, yaani 1280 kwa 720. Ulinunua skrini ya milioni nane ukaona picha ya laki tisa. Hiyo ndiyo kodi ya kuacha miwani: kila mwonekano mpya unaouongeza unakatiwa kipande kwenye pikseli zile zile.

Mahali pa kukaa napo palikuwa na masharti. Umbali uliopendekezwa kwa ile ya inchi 20 ulikuwa sentimita 90. Pima sentimita 90 kutoka runinga kwenye banda la Benaco: uko kwenye magoti ya watoto wa mbele. Na ukikadiria kwamba kila mwonekano unafunika upana wa macho mawili, mionekano tisa inafunika kama sentimita 58 tu, mabega ya mtu mzima mmoja na nusu. Ukitoka nje ya hapo mionekano inaanza upya, ila kwenye mpaka kati ya seti moja na nyingine jicho la kushoto linapata picha ya kulia na la kulia linapata ya kushoto. Kichwa kinauma haraka.

Lipo pia suala la mwanga. Pazia la mistari linazuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa zilizo nyuma ya skrini. Kwa mionekano miwili linazuia karibu nusu, na kwa mionekano tisa lingezuia karibu wote. Ndiyo maana Toshiba walitumia lenzi, ambazo zinaukunja mwanga badala ya kuuzima. Skrini yoyote ya pazia inabidi iwake zaidi ili ionekane sawa, na kuwaka zaidi ni umeme. Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi. Leo maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yetu inapita kituo cha Nyakanazi. Umeme upo, lakini mwenye banda ananunua LUKU kwa fedha za kiingilio, na mwanga unaopotea ndani ya pazia unatoka mfukoni mwake.

Desemba 2011 Toshiba walirudi na runinga ya inchi 55, yenye skrini ya 4K, kwa yen karibu 900,000 nchini Japani. Ilikuwa na kamera inayotafuta nyuso za watazamaji kisha kusogeza eneo zuri la kutazamia lifuate walipo. Ilikuwa rekodi ya ukubwa kwa runinga ya nyumbani ya aina hiyo wakati huo. Hesabu ya tisa haikubadilika: kila mwonekano, 1280 kwa 720.

Mechi ya kwanza

Wapenzi wa mpira wana haki ya kujua hili. Tarehe 31 Januari 2010 Arsenal iliikaribisha Manchester United uwanja wa Emirates ikafungwa 3-1, na Sky ya Uingereza ikairusha moja kwa moja kwa 3D kwenye baa tisa za Uingereza na Ireland. Watazamaji walivaa miwani. Miezi michache baadaye Kombe la Dunia la Afrika Kusini likawa la kwanza kupigwa kwa 3D: Sony na FIFA walipanga mechi 25 kati ya 64. Kombe la kwanza kwenye ardhi ya Afrika lilikuwa pia la kwanza kwa teknolojia hiyo, na sisi tulio wengi tuliliona kwa skrini bapa.

Miwani ndiyo iliyoiua runinga ya 3D. BBC iliachana na 3D mwaka 2013, ESPN ikafunga chaneli yake mwaka huo huo, Sky ikafuata 2015, na kufikia 2017 LG na Sony, wa mwisho kati ya watengenezaji wakubwa, walikuwa wameacha kutoa runinga za 3D. Miwani ya betri iliuzwa ghali, ikaisha chaji katikati ya kipindi, na familia ya watu sita ikiwa na miwani minne inabidi wawili watazame ukungu.

Iliyouzwa kuliko zote

Hapa hakuna ubishi. Ni Nintendo 3DS, kifaa cha michezo cha mkononi kilichotoka Japani tarehe 26 Februari 2011 kwa yen 25,000. Skrini yake ya juu ilikuwa na pazia la Ives, ila la kielektroniki, la kuwasha na kuzima kwa kitelezi cha pembeni. Hadi utengenezaji uliposimamishwa mwaka 2020, familia nzima ya vifaa hivyo ilikuwa imeuza milioni 75.94, ingawa baadhi ya matoleo, kuanzia lile la 2013 lililoitwa 2DS, yaliondolewa kabisa uwezo wa 3D.

Kilifaulu mahali runinga zilipofeli kwa sababu kilikubali kuwa cha mtu mmoja. Mkono wako ndio unaokiweka umbali sahihi. Mwaka 2014 toleo jipya liliongezewa kamera ya kufuatilia macho, na lile tatizo la kupoteza kina ukitikisika likapungua sana. Nintendo walionya kwamba watoto wa miaka sita na chini wasitumie 3D, kwa kuwa macho yao bado yanakua. Mzazi anayenunua kifaa kilichotumika mtandaoni alizingatie hilo.

Simu ya kwanza ya namna hiyo ilitangulia mbali: Sharp SH251iS, Japani, mwaka 2002. Kamera ya kwanza ya kidijitali yenye skrini hiyo ilikuwa ya Fujifilm, mwaka 2009. Zote mbili zilipita haraka.

Skrini kubwa, na ya kumbini

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa mawasiliano ya Japani, NICT, ilionyesha skrini ya 3D bila miwani ya inchi 200, mita tano na ushei kutoka pembe hadi pembe. Haikuwa runinga ya kubeba. Ilitumia projekta nyingi zilizopangwa nyuma ya skrini, kila moja ikirusha mwonekano wake, na watazamaji wakitembea mbele yake waliona upande wa gari uliokuwa umefichika walipokuwa wamesimama pale mwanzo. Baadaye ilipelekwa Osaka ambako wananchi waliiona.

Hungary nayo ina kampuni ya Holografika ya Budapest, ambayo mfumo wake wa kumbi, HoloVizio C80, una projekta 80. Hawa wawili, Wajapani wa NICT na Wahungari, ndio warithi wa kweli wa Ivanov. Wamekubali gharama ya projekta kwa makumi ili kundi la watu liweze kutazama kwa pamoja mbele ya skrini. Kwa kipimo cha banda nawapa nafasi ya kwanza na ya pili, na sijali kwamba hakuna duka linalouza walichotengeneza.

Maarufu kuliko zote si 3D

Kila aliye na WhatsApp ameziona video hizi: wimbi la bahari linalopiga ndani ya kioo kikubwa mjini Seoul, lililozinduliwa 2020, na paka mkubwa anayenyoosha mwili juu ya jengo la Shinjuku, Tokyo, aliyeanza 2021. Wanaozituma huandika kwamba ni 3D bila miwani, na wengi wameamini.

Ni skrini za LED za kawaida. Zimejengwa kwenye kona ya jengo au zimepindwa, na mchoro umepigiwa hesabu ya mtu aliyesimama sehemu moja ya barabara. Macho yote mawili yanaona picha ile ile. Ukisimama upande mwingine wa njia panda, paka anavutika na kupinda. Ni kazi nzuri ya sanaa na naipenda, lakini isiingizwe kwenye orodha hii. Kisichopeleka picha tofauti kwa kila jicho hakina kina, hata kikitazamwa na mamilioni.

Za leo, na njia ya London

Tazama sasa vinara wa miaka ya karibuni. Sony mwaka 2020 ilitoa skrini ya inchi 15.6 inayofuatilia macho: mtu mmoja. Samsung mwaka 2025 ikauza skrini ya kompyuta ya inchi 27: mtu mmoja. Mwaka huo huo Google na HP wakatangaza kifaa cha mikutano cha inchi 65, ambacho mwenzako wa mbali anaonekana amekaa mbele yako, kwa dola 24,999: mtu mmoja kila upande, na ni cha ofisi. Kamera ikishajua macho yako yalipo, haihitajiki mionekano tisa wala mia; inatosha miwili, na pikseli zinabaki nyingi. Kihandisi ni uamuzi wa busara. Kwa nyumba yenye watoto wanane na bibi, hausaidii.

Kampuni ya Looking Glass ya Brooklyn, New York, ilikataa njia hiyo. Skrini zake hutoa mionekano kati ya 45 na 100, na imeshaonyesha ya inchi 65. Watu kadhaa wanaweza kuizunguka wakajadili kifaa cha hospitali au mfano wa jengo. Bei za zile kubwa ni za maabara na makumbusho.

Ila rekodi ninayoitakia mema ni ndogo, kubwa kidogo tu kuliko daftari. Mwaka 2016 watafiti wa MIT ya Marekani na Taasisi ya Weizmann ya Israel walionyesha mfano walioupa jina Cinema 3D. Wazo lake ni rahisi kulieleza: ukumbini viti havihami, na mtu akikaa kichwa chake kinacheza katika eneo dogo. Basi kwa nini skrini ihangaike kutuma mionekano kila mahali hewani? Itume mionekano michache tu, inayofunika upana wa kiti kimoja, kisha vioo na lenzi virudie ile ile kwa kila kiti. Pikseli haziliwi na idadi ya watazamaji. Mfano wao ulihitaji seti 50 za vioo na lenzi, ndiyo maana haujakua. Lakini, ukimwacha Ivanov, ndiyo hesabu pekee niliyoikuta katika orodha nzima inayoanza na benchi, na kijana wa Ngara anayesoma kompyuta au fizikia asome kazi hiyo: sehemu yake kubwa ni hesabu na programu, si kiwanda.

Kabla hujatoa fedha

Madukani utakutana na runinga iliyoandikwa 3D kwenye boksi. Ikiwa ni iliyotumika ya kabla ya 2017, karibu hakika inahitaji miwani, na miwani yake haimo. Muulize muuzaji mambo matatu: inahitaji miwani au haihitaji, umbali wa kukaa ni kiasi gani, na picha ya kawaida ya mpira inaonekanaje 3D ikizimwa, maana lenzi zilizogandishwa kwenye skrini haziondoki na zinapunguza ukali wa maandishi na jezi. Kisha aiwashe, mkae watu watano mkiwa mmetawanyika, mmoja pembeni kabisa. Kila mmoja afumbe jicho la kushoto, halafu la kulia, na aseme kama picha imesogea. Isiposogea kwa mmoja wenu, kwake hiyo ni runinga ya kawaida iliyoongezwa bei. Muuzaji akikataa kuiwasha, rudi nyumbani na hela yako.